Uliza Dokta: Eti siko seli inatibiwa kwa kirusi cha UKIMWI?

Toleo lililopita tuligusia tiba ya jeni kwa mistari michache tu, kumbe tumechokoza nyuki. Meseji zimejaa, nyingi zinarudia swali lilelile, kwahiyo nimechagua chache ambazo zikijibiwa hata wengine watakuwa wamejibiwa humohumo.

Shikamoo Dokta. Mi ni mama wa watoto watatu niko Tabata, wa katikati ana siko seli, ana miaka tisa. Kwenye grupu la wazazi wametuma klipu inasema Marekani wameanza kutibu siko seli kwa kirusi cha UKIMWI. Wengine wanasema ndo tiba imepatikana, wengine wanasema wanataka kutumaliza. Ni kweli? Na kama kweli, kwanini hicho jamani, si wangechukua hata cha mafua?

Marahaba mama, na pole na uuguzi. Hiyo klipu ina ukweli ila imekatwa mahali pabaya. Ngoja nianze na ugonjwa wenyewe maana huwezi kuelewa kwanini wamechagua kirusi fulani kama hujajua dawa inatakiwa ifike wapi.

Siko seli ni kosa la herufi moja, moja tu, kwenye jeni ya beta globini, ambayo ni sehemu ya himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni kwenye damu. Palipotakiwa kuwa na A pamekaa T. Basi himoglobini ikishaachia oksijeni inashikana na wenzake inakuwa kama vijiti, chembe nyekundu inajikunja, inaziba mishipa, na yale maumivu unayajua we kuliko mimi. Sasa chembe nyekundu ya mtoto wako inaishi kama siku 10 mpaka 20 badala ya 120, kwahiyo hata ungeirekebisha leo mwezi ujao haipo. Inabidi urekebishe seli mama zilizoko kwenye uboho wa mfupa, zile ambazo zinazaa damu maisha yote. Na seli mama inagawanyika, inagawanyika tena, haichoki, maana yake jeni nzima utakayoweka lazima ishonwe ndani kabisa ya DNA ya seli ili kila ikigawanyika watoto wake nao waipate. Ukiiweka pembeni tu inapotea njiani.

Virusi wanaojua kushona hivyo ni wa ukoo wa kirusi cha UKIMWI. Hiyo ndo sababu yote, hakuna njama.

Cha mafua walishajaribu mama, usidhani hawakukiona. Kuna kimoja kinaitwa adenovirusi, kinaleta mafua ya kawaida, na mwaka 1999 kule Pennsylvania walikitumia kupeleka jeni kwenye ini la kijana wa miaka 18 anaitwa Jesse Gelsinger, alikuwa na ugonjwa wa ini kushindwa kuondoa amonia. Mwili wake ulikishambulia kile kirusi kwa nguvu mno, siku nne baadae akafariki, na utafiti wa tiba za jeni ukarudi nyuma miaka mingi. Adenovirusi inabeba mzigo mkubwa sana kweli ila haishoni, halafu inaamsha kinga ya mwili vibaya, kwa siko seli haina kazi.

Turudi kwa hicho cha UKIMWI. Kinachotumika kinaitwa lentivirusi, na kimekombwa, kimebaki ganda na ufundi wa kushona tu. Maabara wanagawa maelekezo ya kukitengeneza kwenye vipande kama vinne tofauti, wanavitia vyote kwenye seli za kiwandani, na ni kipande kimoja tu, kile chenye jeni ya globini, kinachoruhusiwa kupakiwa ndani ya kirusi. Kwahiyo kikitoka pale kina dawa ila hakina maelekezo ya kuzaa wenzake. Kinaingia seli moja, kinashona, kimeishia hapo. Hata ganda la nje kwa kawaida si la kwake, wanaazima protini ya kirusi kingine kabisa kinachosumbua ng'ombe na farasi, maana hiyo inaingia kwenye seli nyingi zaidi. Halafu mgonjwa hachomwi hicho kirusi. Seli mama zinatolewa mwilini, zinachanganywa nacho maabara, zinapimwa, ndo zinarudishwa kwa dripu.

Kuna kitu kimoja cha kuchekesha kidogo hapa, kwa sababu vipande vya kirusi vimebaki kwenye DNA, aliyepata tiba hii akipimwa VVU kwa kile kipimo cha PCR, kinachotafuta vipande vya jeni za kirusi, anaweza kusoma ana maambukizi wakati hana. Fikiria hilo linatokea kwa mtu ambaye hana karatasi za hospitali mkononi!

Hatari zipo, sitakuficha. Kabla ya lentivirusi walitumia binamu yake, retrovirusi ya panya, kutibu watoto waliozaliwa bila kinga ya mwili, kule Paris na London. Watoto 20 walitibiwa, wengi wakapona wakatoka kwenye vyumba vya kutengwa, watu wakashangilia, halafu watano wakapata saratani ya damu na mmoja akafa. Kirusi kilikuwa kimeshona karibu na jeni inaitwa LMO2, na kikaiwasha. Ndo maana lentivirusi za sasa zimeondolewa swichi zao za kuwashia, na zenyewe hazipendi sana kutua kwenye mlango wa jeni kama yule binamu. Lakini hata hivyo dawa ya siko seli inayotumia njia hii, inaitwa Lyfgenia, ilipopitishwa Marekani tarehe 8 Desemba 2023 ilipewa onyo zito la saratani ya damu, kwasababu wagonjwa wawili waliotibiwa na toleo la mwanzo walipata leukemia.

Siku hiyohiyo ikapitishwa nyingine, Casgevy, Uingereza walishaitangulia mwezi Novemba, na hii haitumii kirusi hata kidogo. Seli mama zinapigwa shoti ndogo ya umeme, ngozi yake inafunguka sekunde chache, mkasi wa kukata DNA unaoitwa CRISPR unaingia, unakata sehemu inayozima himoglobini ya kichanga, ile ambayo mtoto anazaliwa nayo kabla siko seli haijaanza kumsumbua. Himoglobini ya kichanga inarudi na mgonjwa anaitumia hiyo. Katika wagonjwa 31 waliofuatiliwa vya kutosha, 29 walikaa mwaka mzima bila maumivu makali ya kulazwa. Unaona tofauti? Lyfgenia inapeleka jeni inayotakiwa kubaki milele, kwahiyo inahitaji mshonaji. Casgevy inapeleka mkasi, na mkasi ukishakata ni afadhali uondoke, ukibaki unaweza kukata pengine. Kwahiyo swali la kwanza kabla ya kuchagua usafiri ni kwamba hicho unachopeleka kinakaa au kinapita.

Sasa mama mimi sipendi kukupa matumaini hewa. Zote mbili zilipopitishwa mwaka 2023 zilikuwa za kuanzia miaka 12, Casgevy kwa dola milioni 2.2, Lyfgenia milioni 3.1, na kabla ya kurudishiwa seli mgonjwa anapewa busulfani, ni kemo kali inayofuta uboho wote wa zamani, nywele zinatoka, mdomo unakuwa vidonda, unalazwa wiki kadhaa, na uzazi unaweza kupotea. Hapa kwetu ambapo watoto kama 11,000 wanazaliwa na siko seli kila mwaka hiyo haiwezi kuwa jibu kwa sasa. Jibu la mtoto wako wa miaka tisa ni haidroksiyurea kama hajaanza, kipimo kizuri cha dozi, kinga ya malaria, chanjo, na kliniki bila kuruka. Watu wanaidharau kwasababu ni kidonge tu lakini utafiti wa REACH uliofanyika Kinshasa, Kilifi, Mbale na Luanda ulionyesha maumivu, kuongezewa damu, malaria na hata vifo vinapungua, na hao ni watoto wa huku huku. Haidroksiyurea nayo inapandisha himoglobini ya kichanga, lengo lilelile la ule mkasi wa mamilioni. Na kama kuna ndugu yake wa baba mmoja mama mmoja asiye na ugonjwa, uliza kuhusu kupandikiza uboho, Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma walianza mwaka 2023.

Dokta habari, mi ni mwanafunzi wa chuo Dodoma. Mwalimu ametuambia AAV, kale kakirusi kadogo ka kubebea jeni, ndo vekta bora kuliko zote, sasa mbona kwenye siko seli haitumiki? Nijibu chap mtihani wa UE unakaribia.

Nzuri mdogo wangu. Mwambie mwalimu kwa heshima kwamba hakuna vekta bora, yaani chombo cha kubebea jeni, kuna inayofaa.

AAV ni bodaboda. Inapenya kila mahali, haileti ugonjwa unaojulikana, ila haibebi kabati. Mzigo wake mwisho ni kama herufi 4,700, na humo uweke jeni, swichi ya kuiwasha, na mkia. Halafu kitu muhimu kwa swali lako ni kwamba haishoni, inaacha jeni ikielea kama kaduara kadogo ndani ya kiini cha seli. Kwenye seli isiyogawanyika kama ya neva, misuli au retina kaduara kanakaa miaka. Kwenye seli mama ya damu kila mgawanyiko kanabaki upande mmoja, baada ya muda ukitafuta hukaoni. Ndo jibu la mtihani hilo.

Mifano ya kuandika: Luxturna 2017, AAV2, inachomwa chini ya retina kwa wenye kosa la jeni ya RPE65 wanaopofuka polepole. Zolgensma 2019, AAV9, kwa watoto wa chini ya miaka miwili wenye ugonjwa wa misuli kudhoofika wa SMA, dripu moja, na walichagua namba 9 kwasababu inavuka kwenda kwenye neva za uti wa mgongo ukiipitisha kwenye mshipa tu. Hemgenix 2022, AAV5, inaenda kwenye ini kwa ajili ya hemofilia B, na ona kwamba hiyo ni ya watu wazima, maana ini la mtoto bado linakua na seli zake zinagawanyika, kaduara kangepungua mwaka hadi mwaka. Hizo namba ni aina ya ganda, na ganda ndo linaamua mlango wa seli utakaofunguka. Kasome na kingamwili pia, wanapenda kuuliza: watu wengi walishakutana na AAV za kawaida mtaani bila kujua, wana kingamwili tayari, na kwao dawa inashambuliwa kabla haijafika. Na ukishapewa mara moja ya pili haiwezekani.

Asalaam aleikum Daktari. Nakuandikia kutoka Muscat, asili yetu Unguja. Kijana wetu ana miaka kumi, ana Duchenne, ule ugonjwa wa misuli kudhoofika, bado anatembea ingawa kwa shida. Watu wanatwambia kuna dawa ya Marekani sindano moja tu. Tuuze kila kitu?

Waaleikum salaam ndugu yangu, Mungu amfanyie wepesi kijana. Tafadhali msiuze kitu kwanza.

Jeni ya distrofini, ambayo ndo mbovu kwenye Duchenne, ni ndefu kuliko jeni zetu karibu zote, ina herufi zaidi ya milioni mbili, na hata ukitoa yasiyohitajika ukabakiza maelekezo ya protini tu ni kama 11,000. AAV inabeba 4,700. Haiingii, hata ukisukuma. Walichofanya ni kuikata wakabakiza kipande kidogo cha kama theluthi ya protini, wanaita mikrodistrofini, wakakipakia kwenye AAV aina ya rh74, dawa inaitwa Elevidys. Walichukua hilo wazo kwasababu kuna wagonjwa wenye distrofini fupi kwa asili ambao bado wanatembea mpaka utu uzima, kwahiyo si wazo la kijinga. Lakini misuli ni sehemu kubwa ya mwili, kuifikia yote kwa dripu inabidi umwage virusi wengi mno, na wingi wao unapitia ini. Mwaka 2025 vijana wawili ambao walikuwa hawatembei tena walikufa kwa ini kushindwa kazi baada ya dawa hii. Kule Marekani dawa ikabanwa, sasa ni kwa wanaotembea tu kuanzia miaka minne na ina onyo kubwa la ini, Ulaya mwaka huohuo wakatoa maoni ya kuikataa, na lile jaribio kubwa lililotakiwa kuthibitisha halikufikia lengo lake kuu. Bei ni dola milioni 3.2.

Mimi binafsi naona kwa Duchenne ile dozi ndo tatizo, na makampuni yalikimbia. Kwenye jicho unatumia tone dogo sana, kwenye misuli yote unatumia virusi zaidi ya trilioni mia moja kwa kila kilo ya mtoto, hapo si dawa ileile tena hata kama jina la kirusi linafanana.

Bado mnataka kuulizia? Sawa, ila kuna vitu viwili vya kupima kabla hata ya kuongea pesa: ripoti ya jeni ya kijana inayoonyesha ni ekzoni zipi, yaani vipande vya jeni, zimekosekana, maana waliopoteza ya 8 au ya 9 hawaruhusiwi kabisa, na kipimo cha kingamwili dhidi ya rh74. Na steroidi na fiziotherapi zisisimame hata wiki moja wakati mnasubiri.

Mambo Dokta. Mimi wa Mombasa. Kwani lazima virusi? Chanjo za korona si zilitumia vidonge vya mafuta, wangetumia hiyo tu bana.

Poa sana, na umepiga penyewe. Yale matone ya mafuta, madogo usiyoyaona, yamekuwa kwenye dawa tangu 2018 kabla ya korona. Tatizo lao ni kwamba ukiyatia kwenye damu protini moja ya mafuta inayakumbatia na ini linayavuta karibu yote, kwahiyo ni mazuri sana kama ugonjwa uko kwenye ini. Mwaka 2025 kule Philadelphia walimtibu mtoto KJ aliyezaliwa bila kimeng'enya cha kuondoa amonia. Walitengeneza kifaa cha kurekebisha herufi yake moja, ya kwake peke yake, kwa muda wa miezi sita, wakakipakia kwenye mafuta, wakampa mara tatu wakiongeza dozi taratibu. Hiyo ya mara tatu ndo utamu wenyewe, kwa AAV usingeweza, ya pili ingegonga ukuta wa kingamwili. Uwe mwangalifu tu, ni mtoto mmoja na bado wanamfuatilia.

Na kwa siko seli ndiyo njia ambayo nadhani itafika Afrika, kama itafika. Mwaka 2023 watafiti wa hukohuko Pennsylvania walionyesha kwamba ukibandika kingamwili juu ya tone la mafuta, inayotambua seli mama za damu, linafika mpaka kwenye uboho, haliishii kwenye ini tu. Hiyo ni kwenye panya. Lakini ikiwezekana kwa binadamu maana yake hakuna kemo, hakuna kutoa seli, hakuna kulazwa wiki sita, ni dripu ya kliniki. Wamarekani wa NIH, taasisi yao ya taifa ya afya, na wakfu wa Gates mwaka 2019 walitangaza kuweka dola milioni 100 kila mmoja kwa ajili ya tiba za jeni zinazoweza kufika nchi kama zetu, za siko seli na UKIMWI.

Dokta kuna jamaa Kariakoo anauza sindano ya kurekebisha jeni laki nane. Vipi?

Hapana. Hakuna sindano hiyo. Kama unamjua mtu aliyechomwa mwambie aende akapimwe, na taarifa zipelekwe TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba.

Shikamoo Dokta, kaka yangu yuko Minnesota ana siko seli, ana miaka 26, bima yake imekubali tiba ya jeni. Daktari wake amempa achague kati ya zile mbili, Lyfgenia na Casgevy. Aulize nini?

Marahaba, hongereni, hiyo ni bahati kubwa. Kwanza aulize kama amewahi kupimwa alfa thalasemia. Huku kwetu hasa ukanda wa pwani watu wengi wamepungukiwa jeni moja au mbili za alfa globini na hawajui, haiwasumbui, lakini kwa Lyfgenia waliopungukiwa mbili wanaweza kubaki na upungufu wa damu hata baada ya tiba, na madaktari wa kule wasipoiwaza wanaipita. Hilo peke yake linaweza kuamua.

Pili aulize hospitali yake imeshafanya wangapi wa kila aina, maana kazi ngumu haiko kwenye kirusi wala mkasi, iko kwenye kutoa seli za kutosha (wengine wanarudia mara mbili tatu) na kwenye zile wiki za baada ya kemo. Tatu, ufuatiliaji, akichukua Lyfgenia damu inapimwa angalau kila miezi sita kwa miaka 15, je kazi yake na makazi yake vinaruhusu? Na apewe barua inayoeleza habari ya kipimo cha VVU, atembee nayo hasa akija nyumbani, na asichangie damu.

La mwisho watu wanalisahau, tiba hii inagusa damu tu. Mbegu zake bado zina siko seli kama zamani, kwahiyo mchumba apimwe vilevile. Na kwasababu ya ile busulfani, ahifadhi mbegu kwenye benki kabla hajaanza kemo, si baada, na aulize mapema kama bima inalipia maana nyingi hazilipii.